Pasteli za Mafuta Mbele ya Maporomoko ya Wagenia: Zana, Mkono na Msamiati

Mtu anayetoka katikati ya mji wa Kisangani na kuufuata mto kuelekea juu huusikia mngurumo kabla hajayaona maji. Hapo ndipo yalipo maporomoko ya mwisho kati ya yale saba yaitwayo Boyoma, ambayo huanzia karibu na Ubundu na kuteremka ngazi kwa ngazi, kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, hadi kuufikia mji. Juu ya maporomoko hayo mto huitwa Lualaba. Chini yake huitwa Kongo, na kutoka hapo vyombo husafiri hadi Kinshasa bila kukutana na poromoko jingine. Wavuvi wa mahali hapa ni Waenya, ambao kwa Kiswahili huitwa Wagenia. Jina la watu limekuwa jina la mahali, na mkazi wa Kisangani akisema kwamba anakwenda Wagenia hakuna anayedhani kwamba amekosea ngeli.

Uvuvi wao umeelezwa mara nyingi, nao ndio unaoyapa maporomoko haya sura isiyofanana na ya mengine. Miti mikubwa husimamishwa ndani ya mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba katika miamba. Miti hiyo hufungwa pamoja kwa kamba za porini, ikashikana kama miguu ya kigoda, na juu yake hupitishwa mingine ya kukanyagia. Kutoka katika jukwaa hilo huteremshwa makapu makubwa yenye umbo la pia, mdomo ukiwa umeelekea yatokako maji. Samaki anayekumbwa na mkondo huingia, na nguvu ya maji ndiyo inayomzuia kutoka. (Msomaji wa pwani atataka kuyaita makapu haya madema. Ni afadhali asifanye hivyo, kwa kuwa dema hukaa chini ya bahari na kumngoja samaki, ilhali kapu la Wagenia humpokea samaki anayeletwa kwa nguvu. Neno mgono limekaribia zaidi.)

Picha za mahali hapa zilianza kuenezwa mapema sana, lakini kwa mikono ya wageni. Stanley alipita mwezi wa Januari 1877, na kitabu chake cha 1878 kikayasambaza maelezo ya maporomoko haya huko Ulaya. Mwaka 1894 Dola Huru ya Kongo ilitoa stempu ya senti 10 yenye mandhari ya Stanley Falls, jina ambalo mahali hapa palipachikwa wakati huo. Tangu hapo zimefuata kadi za posta na picha za wapiga kamera wasiohesabika, na nyingi zao zinafanana: miti, makapu, mtu mmoja juu, povu chini. Mchoraji wa leo anayekwenda Wagenia na karatasi yake anakwenda mahali ambapo jicho lake limekwisha kufundishwa nini cha kutazama. Uteuzi wa zana, ambao huonekana kuwa jambo dogo la dukani, ni mojawapo ya njia chache alizo nazo za kuuvunja mkao huo wa kadi ya posta. Makala hii inaichunguza zana moja, yaani pasteli ya mafuta, kwa kuitazama mahali hapa ambapo sifa zake na kasoro zake hujitokeza waziwazi.

Zana yenyewe

Pasteli ya mafuta ni kijiti cha rangi kilichofanywa kwa unga wa rangi, nta, na mafuta yasiyokauka. Kila kimoja kati ya viungo hivi vitatu kina kazi yake. Unga ndio unaoonekana. Nta hukipa kijiti umbo, kikaweza kushikwa mkononi. Mafuta hukilainisha, rangi ikateleza na kujipaka bila ya kuhitaji brashi wala maji. Hapana budi kuitofautisha zana hii na ndugu zake wawili wanaochanganywa nayo mara kwa mara. Pasteli kavu imeshikwa kwa gundi kidogo tu, na kwa kweli ni vumbi lililobanwa; pumzi moja yaweza kuipeperusha. Krayoni ya shuleni ni nta tupu au karibu na tupu. Ni ngumu, haifuniki vizuri, na tabaka la pili hukataa kukaa juu ya la kwanza.

Asili yake ni ya karibuni. Nchini Japani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, msanii Kanae Yamamoto alianzisha harakati za kuwaacha watoto wachore watakavyo badala ya kunakili vielelezo. Watoto hao walihitaji zana yenye rangi nzito isiyotaka mafunzo marefu, na mnamo 1925 kampuni ya Sakura ilitoa vijiti vilivyoitwa Cray-Pas, jina lililounganisha krayoni na pasteli. Jambo moja katika historia hiyo linamhusu moja kwa moja mkazi wa Kisangani. Katika miaka ya kwanza watengenezaji walilazimika kutoa aina mbili: vijiti vigumu vya majira ya joto, na vijiti vyenye mafuta zaidi vya majira ya baridi, kwa sababu kijiti kilichofaa mwezi wa Januari kiliyeyuka mkononi mwezi wa Agosti. Baadaye mchanganyiko uliboreshwa na tofauti hiyo ikaachwa. Kisangani, hata hivyo, iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, wastani wake wa joto ni kiasi cha nyuzi 25 mwaka mzima, na majira ya baridi hayajulikani. Mchoraji wa huko anaishi katika majira ya joto ya kudumu, na vijiti anavyouziwa havikuundwa kwa kumfikiria yeye.

Zana hii ilitoka mikononi mwa watoto na kuingia katika karakana za wasanii wakubwa mwaka 1949, huko Paris. Henri Goetz alimwendea mtengenezaji wa rangi Sennelier kwa niaba ya rafiki yake Pablo Picasso, aliyetaka rangi ya kijiti itakayoweza kutumika juu ya kitu chochote, iwe karatasi, ubao, turubai au chuma, bila ya kuandaliwa kwanza. Vijiti vya Sennelier vilikuwa laini kuliko vya Japani na unga wake wa rangi ulikuwa wa daraja la juu. Tofauti ya madaraja hayo mawili, la watoto na la wasanii, ipo hadi leo, na si tofauti ya bei tu. Katika vijiti vya bei nafuu unga wa rangi huwa mchache, na baadhi ya rangi, hasa za waridi na za zambarau, hufifia zikikaa kwenye mwanga. Mwalimu anayewanunulia wanafunzi sanduku la bei nafuu hafanyi kosa, mradi awaambie kwamba mchoro huo usitundikwe ukutani mkabala na dirisha.

Kwa nini haikauki

Neno mafuta katika jina la zana hii huwapotosha wengi. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kopo au ya bomba, imechanganywa na mafuta ya kitani. Mafuta hayo hukauka, lakini si kwa njia ya maji yanayokauka juani. Hunyonya oksijeni ya hewa, chembe zake zikashikana na kufanya utando mgumu usioweza kurudi nyuma. Mafuta yaliyomo ndani ya pasteli ni ya madini, na hayana tabia hiyo. Hayanyonyi oksijeni, hayashikani, wala hayafanyi utando. Mchoro wa pasteli ya mafuta uliofanywa leo utakuwa na ulaini uleule mwaka kesho, na baada ya miaka kumi kidole kikiupitia kitatoka na rangi. Kinachoweza kutokea ni uso kuwa mgumu kidogo kwa sababu ya nta, na baadhi ya mafuta kunyonywa na karatasi.

Sifa hii moja ndiyo chanzo cha takriban kila jema na kila baya la zana hii. Kwa kuwa haikauki, mchoraji ana wakati wote autakao: anaweza kurudi kesho, akasugua, akakwangua, akabadili mawazo. Na kwa kuwa haikauki, kazi yake haitakuwa imekwisha kamwe kwa maana ya mafundi wa rangi, yaani haitafikia hali ya kutogusika.

Mbele ya maji

Maporomoko hurusha manyunyu. Mtu aliyeketi kwenye mwamba wa Wagenia kwa nusu saa huinuka na nguo zenye unyevu, hata kama hakuna tone lililomwangukia kwa kuonekana. Rangi za maji hazistahimili hali hiyo, kwa kuwa kila nyunyu huacha doa. Haina maana kwamba rangi za maji si zana ya Kongo, la hasha. Michoro ya Albert Lubaki na ya Djilatendo, iliyokusanywa Katanga na Kasai kuanzia 1926 na kuendelea, ni ya rangi za maji juu ya karatasi, nayo ni miongoni mwa michoro ya kwanza ya Wakongo kuonyeshwa Ulaya. Lakini michoro hiyo ilifanyiwa penye ukavu, si katikati ya ukungu wa mto. Pasteli kavu nayo hugeuka uji. Pasteli ya mafuta haijali manyunyu, kwani maji huteleza juu yake. Tone likianguka juu ya mchoro hukaa kama ushanga, na kupanguswa kwa kona ya kitambaa.

Kinachosumbua ni joto. Kijiti kilichoachwa juu ya mwamba wenye jua saa tano hulainika kikawa kama siagi, na mstari uliokusudiwa kuwa mwembamba huwa upana wa kidole. Dawa yake ni rahisi: vijiti vitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mfuko uwekwe ndani ya chombo cha maji baridi kivulini, na kitolewe kijiti kimoja kimoja. Dawa bora zaidi ni kuchora mapema. Asubuhi hewa bado ina ubaridi. Zaidi ya hayo, jua la mchana wa Ikweta husimama juu ya utosi, likayanyima magogo vivuli vyake, na gogo lisilo na kivuli huonekana bapa kama lililokatwa kwa mkasi. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu mwanga huja kwa ubavu, na kila mti huwa na upande wake wa usiku.

Sasa tatizo kubwa la mahali hapa, ambalo ni weupe. Povu la Wagenia ndilo linaloshika jicho, na mwanafunzi asiye na uzoefu huanza kwa maji ya giza, kisha hutaka kuliweka povu juu yake kwa kijiti cheupe. Matokeo yake ni tope. Kijiti cheupe hakifuniki tabaka lililo chini. Hulichota, na baada ya mikwaruzo miwili ncha yake imekwisha kuwa ya kijivu. Njia zilizopo za kuepuka hali hii ni kadhaa, na inafaa kuzieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu zinatofautiana kwa matokeo na hata kwa fikra iliyomo ndani yake.

Ya kwanza ni kuuacha weupe wa karatasi. Mchoraji huamua tangu mwanzo mahali povu litakapokuwa, na hapagusi. Njia hii hudai uamuzi wa mapema, jambo gumu mbele ya kitu kisichotulia hata nukta moja. Lakini hutoa povu safi kuliko yote. Ya pili ni kuanza na kijiti cheupe, kukandamiza kwa nguvu palipo na povu, kisha kupitisha wino au rangi ya maji iliyochanganywa nyembamba juu ya karatasi nzima. Mafuta na maji hayapatani: rangi hukimbia penye nta na kukaa penye karatasi tupu, na povu hujitokeza lenyewe likiwa na kingo zilizovunjika ambazo mkono usingeweza kuzibuni. Kwa mandhari ya maji njia hii haina mshindani, ingawa lazima ifanyiwe nyumbani, mbali na manyunyu. Ya tatu ni kukwangua. Tabaka la giza huondolewa kwa kisu butu mpaka karatasi au tabaka la chini lionekane, halafu, ikibidi, weupe mzito hubandikwa juu ya jeraha hilo kwa mguso mmoja bila kusugua. Katika njia zote ncha ya kijiti hupanguswa kwa kitambaa baada ya kila mguso. Anayeona kuwa huko ni kupoteza wakati atapoteza karatasi.

Kukwangua kunafaa pia kwa kamba. Mitambo ya Wagenia imejaa kamba, nazo ni nyembamba mno kwa ncha ya pasteli. Mchoraji hupaka kwanza rangi ya mwanga, ya nyasi kavu au ya udongo mwekundu, hufunika juu yake kwa rangi ya giza ya gogo, kisha hukwaruza kwa ncha ya msumari au mwiba. Kamba hutokea kutoka chini. Ni kazi inayopendeza kuitazama, kwani mstari hauongezwi bali hufunuliwa.

Kwa upande wa karatasi, iliyo laini haifai, kwa kuwa rangi haina pa kushikilia na huteleza. Iwe na mkwaruzo. Karatasi tupu, hata nzito, hunyonya mafuta na baada ya miezi huonyesha upande wa nyuma madoa kama ya karatasi ya maandazi. Kuipaka kwanza tabaka la rangi nyeupe ya akriliki na kuiacha ikauke huzuia jambo hilo na huongeza mkwaruzo. Ubao mwembamba uliopakwa hivyohivyo ni imara zaidi, na pale mtoni una faida nyingine: haupeperuki.

Vidole, mistari na nukta

Vitabu vya Ulaya vinavyofundisha pasteli ya mafuta hutaja kwa kawaida namna tatu za kuweka rangi: kusugua kwa kidole, kuchora mistari sambamba iliyosongana, na kudondoa nukta. Mwanafunzi wa Kongo anaweza kuzijua namna hizo bila ya kutoka nje ya historia ya sanaa ya nchi yake, ingawa walioziendeleza hawakutumia pasteli.

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Aliwazuia wanafunzi wake kunakili wachoraji wa Ulaya, akawaacha kila mmoja atafute mkono wake. (Hapo lipo jambo la kufikirisha: uhuru ulioamriwa na mwalimu mgeni ni uhuru wa namna gani? Swali hilo limejadiliwa sana na wanahistoria, na halitamalizwa hapa.) Matokeo yake yalikuwa watu watatu wasioweza kuchanganywa. Bela Sara aliiacha brashi akachora kwa ncha za vidole, na michoro yake imejaa alama za vidole hivyo kama nyayo kwenye mchanga. Mwenze Kibwanga aliijaza karatasi mistari mifupi iliyopangwa, kila umbo likiwa na mwelekeo wake wa mistari, hata mnyama akatengwa na nyasi si kwa rangi tu bali kwa mwendo wa mkono. Pilipili Mulongoy alipenda samaki, ndege na majani, akayazungushia usuli wa vidoti na vijistari vidogo vilivyofumwa kwa subira. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na kazi za karakana yake zikaingizwa katika chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo. Kazi za wasanii hao watatu zilionekana tena mbele ya umati mkubwa huko Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo.

Kwa mchoraji wa pasteli mbele ya Wagenia somo la Mwenze ndilo lenye manufaa zaidi. Maji yana rangi karibu moja, na tofauti baina ya maji yanayoteremka, yanayozunguka na yaliyotulia nyuma ya mwamba ni tofauti ya mwelekeo. Mchoraji akivipa vijistari vyake mwelekeo wa mkondo, rangi mbili zatosha. Kidole cha Bela hufaa penye ukungu, na kidole kina joto lake, kwa hiyo huyeyusha nta kidogo na kuunganisha rangi kuliko kitambaa kinavyoweza. Kosa la kawaida ni kusugua kila mahali. Mchoro uliosuguliwa wote huwa na uso wa sabuni, na maporomoko ndani yake hayangurumi.

Maneno ya kufundishia

Kufundisha zana hii kwa Kiswahili hukutana na uhaba wa maneno mahali fulani na utajiri usiotumika mahali pengine. Jina lenyewe lina utata. Wapo wanaosema chaki ya mafuta, na neno hilo linaeleweka mara moja. Lakini chaki humfanya msikilizaji afikirie vumbi, jambo ambalo pasteli ya mafuta haina. Kukopa pasteli, na kuacha kivumishi kifanye kazi ya kutofautisha, yaani pasteli kavu na pasteli ya mafuta, ni salama zaidi. Kwa vitendo, kinyume chake, hapana haja ya kukopa chochote. Kupaka, kusugua, kukwangua, kukwaruza, kudondoa, kupangusa, kufunika, kufifisha: vitenzi hivi vinaigawa kazi ya mkono kwa usahihi ambao vitabu vya kigeni hulazimika kuutafuta kwa maelezo marefu au kwa kuazima istilahi za Kitaliano.

Katika majina ya rangi hali ni ya kuvutia zaidi. Vivumishi halisi vya rangi katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivyo tu ndivyo vinavyochukua viambishi vya upatanisho, kama vile povu jeupe, mwamba mweusi, udongo mwekundu. Nyingine zote zimeazimwa kutoka kwa vitu: kijani kutokana na majani, manjano kutokana na bizari, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, samawati kutokana na mbingu kwa Kiarabu, zambarau kutokana na tunda. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kisangani, mji ambao Kiswahili na Kilingala hukutana, majina mengi ya rangi hukopwa kutoka Kifaransa, na upatanisho wa kisarufi hupungua. Mwalimu asilione jambo hilo kuwa upotovu. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya Tippu Tip, ambaye Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, nacho kimekuwa na maisha yake tangu hapo.

Lakini mbele ya mto lugha ya vitu ina faida. Maji ya Kongo hapa si samawati, ingawa wanafunzi wengi hushika kijiti cha samawati kwa mazoea kwa sababu ndiyo rangi ya maji katika vitabu vya shule. Ni maji ya hudhurungi, yenye mwanga wa manjano pale yanapopinda juu ya mwamba. Kiswahili kina usemi wa maji ya kunde, unaotumiwa kwa rangi ya ngozi ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe, na asili yake ni rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde. Hakuna kijiti chenye jina hilo katika sanduku lolote. Mwanafunzi akiambiwa atafute maji ya kunde, atalazimika kuchanganya: kahawia chini, manjano juu, na nyekundu kidogo sana iliyosuguliwa kwa kidole. Atakuwa ameutazama mto.

Ukumbusho

Katika utafiti wake wa Lubumbashi katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliona kwamba wachoraji na wanunuzi wa michoro ya mjini walitumia neno moja la Kiswahili kueleza kazi ya picha: ukumbusho. Mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba mnamo 1973 na 1974, na kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1996. Picha ya ukumbusho hutundikwa sebuleni ili mtu akiitazama apate kusimulia. Pasipo msimulizi haijatimiza kazi yake. Ndiyo maana Tshibumba hakuona taabu kuchora tukio lilelile mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali, juu ya vitambaa vya magunia ya unga.

Mchoro wa Wagenia ukitundikwa Kisangani au katika nyumba ya Mkisangani aliyehamia mbali, huwa ukumbusho kwa maana hiyohiyo. Hapa kasoro ya pasteli ya mafuta inageuka kuwa jambo zito. Sebule ina watoto, vumbi, moshi wa jikoni, na mgeni anayesimulia kwa kuonyesha kwa kidole. Rangi isiyokauka hunasa kila kitu kati ya hivi. Turubai ya rangi za mafuta huweza kupanguswa. Pasteli ikipanguswa husambaa. Kuna dawa za kunyunyizia zinazouzwa kwa ajili ya kuigandisha rangi hiyo, nazo hupunguza unato wa uso, lakini haziigeuzi kuwa rangi kavu. Kinga ya kweli ni kioo, na kioo kisiuguse mchoro. Baina yao huwekwa ukingo wa karatasi ngumu au vipande vyembamba vya mbao, ili pawe na nafasi ya milimita kadhaa. Kioo kikigusana na rangi, kwa joto la Kisangani kitaing'oa siku kitakapoondolewa.

Fundi wa fremu asiyeijua zana hii hubana kila kitu pamoja kwa nia njema, na mwenye mchoro hana budi kumweleza mapema. Nyuma ya fremu paachwe upenyo wa hewa, kwa maana mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka karatasi iliyofungiwa hushika ukungu. Fremu isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Michoro isiyo na fremu ilazwe, isisimamishwe, na kila mmoja utenganishwe na mwenzake kwa karatasi nyororo isiyopitisha mafuta. Isirundikwe mingi, kwani uzito peke yake watosha kuhamisha rangi.

Kabla ya kuufunga mchoro ndani ya fremu, yafaa kuandika nyuma yake kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya: tarehe, saa, kimo cha maji siku hiyo, na mahali. Kuhusu mahali patakuwa na mashauri, maana ramani za zamani husema Stanley Falls, za baadaye husema Boyoma, na wavuvi wenyewe wana majina ya mikondo na miamba yao ambayo hayamo katika ramani yoyote. Mchoraji aliyeketi asubuhi nzima kwenye mwamba fulani amuulize mwenye makapu jina la mwamba huo, na aliandike kama alivyolisikia.